Amortisere fupi za gari lililoshushwa: uliza kwanza urefu wake ikiwa imefungwa

Tangu kiangazi kianze nimepokea malalamiko mengi, na karibu yote yanafanana. Msomaji wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, ana Mercedes 190 aliyoishusha kwa resori (springi) fupi. Amenunua amortisere nne mpya, zile ambazo ndugu zetu wa Tanzania wanaziita shokapu, ameambiwa ni fupi na za kurekebishwa, na bado gari linagonga chuma kwa chuma kila likipita dodane, yaani tuta la barabarani. Mwingine wa Kampemba ana Golf II ambayo sili za mbele zimeanza kuvuja mafuta kabla hata mvua ya kwanza haijanyesha. Wa tatu, kutoka Katuba, anauliza kwa nini BMW yake ya zamani inaruka kuliko ilivyokuwa inaruka na amortisere zilizochoka. Wote watatu walilipa pesa nzuri. Wote watatu waliuziwa kitu ambacho hakikufupishwa pale panapohitajika.

Sitaeleza kwamba amortisere nzuri haivuji, wala kwamba zinunuliwe mbili mbili. Hayo kila mwenye gari hapa Lubumbashi anayajua. Nataka tushike namba moja ambayo wauzaji hawaitaji na wanunuzi hawaiulizi.

Kila amortisere ina vipimo viwili vya urefu: ikiwa imefunguka mpaka mwisho na ikiwa imefungwa mpaka mwisho. Ukiweka resori fupi, gari linashuka, na amortisere ya kawaida inakuwa imeshaingia ndani sehemu kubwa ya mwendo wake hata kabla hujawasha injini. Tuseme gari lilikuwa na milimita 60 za kubonyea, ukalishusha milimita 40. Zimebaki 20. Dodane za avenue Kasapa hazitosheki na 20. Mpira wa kikomo unapondeka, kisha pistoni inapiga vali iliyo chini ya bomba, mara moja, mara mia, mpaka vali inavunjika. Mafundi wengi wakisikia mlio huo wanaukata mpira wa kikomo nusu ili "gari lipate nafasi". Nafasi wanayoitengeneza ni ya chuma kukutana na chuma.

Kuna namna mbili za kufupisha amortisere. Ya kwanza ni kutengeneza bomba lenyewe fupi, na fimbo fupi inayolingana nalo. Hapo urefu wa kufungwa unapungua, na zile milimita 40 ulizopoteza zinarudi. Ya pili ni rahisi sana kwa mtengenezaji: anaingiza pete nene ya chuma ndani, juu ya pistoni, kinachozuia fimbo isitoke yote. Hiyo inapunguza urefu wa kufunguka peke yake. Weka amortisere hiyo mezani kando ya ile ya kawaida, zote zikiwa wazi, nayo itaonekana fupi kweli, na hivyo ndivyo muuzaji atakavyokuonyesha. Zifunge zote mbili: zinalingana. Wewe uliyeshusha gari milimita 40 bado una 20.

Sisemi urefu wa kufunguka hauna maana. Una maana kubwa: gurudumu likining'inia, amortisere ndefu mno inaiacha resori fupi icheze, hata itoke kwenye kikombe chake, na hilo linaweza kukuua. Lakini hiyo ni nusu ya kazi, na ni nusu hiyo peke yake inayouzwa kwa bei ya kazi nzima.

Kwa hiyo beba futi dukani. Usipime amortisere nzima ikiwa wazi, pima bomba. Kama bomba lina urefu uleule wa amortisere ya kiwandani ya gari lako, huyo muuzaji hana amortisere iliyofupishwa, hata boksi liseme nini. Kisha isimamishe sakafuni uibonyeze mpaka mwisho, na ikiwa ni ya gesi utalazimika kuiegemea kwa uzito wa mwili. Pima kutoka tundu hadi tundu, au kutoka bega la fimbo hadi chini. Andika namba hiyo.

Namba ya kuilinganisha nayo inatoka kwenye gari lenyewe. Mwambie fundi alisimamishe chini kama linavyotembea, apime umbali kati ya mahali pa kufungia amortisere juu na chini. Kisha anyanyue gari, atoe resori, aweke jeki chini ya kitovu cha gurudumu, apandishe mpaka tairi ikaribie kugusa bodi, apime tena. Amortisere unayoitafuta lazima ifungwe kuwa fupi kuliko kipimo hicho cha pili. Kati ya vipimo hivyo viwili mimi sikubali chini ya milimita 60 mbele kwa barabara zetu. Nyuma usipime kwenye matao ya matairi, pima kwenye amortisere yenyewe, maana kwa magari mengi mwendo wa gurudumu na mwendo wa amortisere ya nyuma havilingani.

Wenye BMW E30 wana tatizo la ziada, na ndilo lililomkuta msomaji wa Katuba. Mbele ya E30 amortisere ni kopo linaloingia ndani ya bomba lililoshikana na kitovu cha gurudumu. Bomba hilo lina vipenyo viwili kulingana na gari, milimita 45 au 51, kwa hiyo pima kabla ya kuagiza chochote. Ukinunua kopo fupi ukaliweka ndani ya bomba la kawaida, litacheza. Fundi ataweka kipande cha chuma chini yake ili nati ya juu iweze kulibana. Hapo umetoa pesa kununua ufupi, kisha ukaufuta kwa kipande cha chuma, kwa sababu mdomo wa bomba umebaki palepale. Ili mwendo urudi, bomba lenyewe likatwe na kulehemiwa upya kwa urefu wa kopo. Kazi hiyo ipeleke kwa mlehemu wa kweli, si kwa kijana wa kando ya barabara: bomba hilo linabeba nguvu zote za breki. Mji huu bado una wazee waliojifunzia kazi kwenye karakana za Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Watafute, uwalipe vizuri.

Sasa vitu vya kununua. Chaguo langu la kwanza ni Koni ya njano, ile Sport, na silifichi. Koni ni watu wa Oud-Beijerland, Uholanzi. Walianza mwaka 1857 na vifaa vya farasi, na amortisere za kurekebishwa wanazitengeneza tangu 1945. Ninachokipenda ni kwamba wanarekebisha kitu kimoja na wanakirekebisha vizuri: nguvu ya kurudi, yaani jinsi fimbo inavyotoka baada ya resori kubonyea. Kubonyea kwenyewe wanakuacha laini kiasi, na barabara ya shimo na vumbi inataka hivyo hivyo. Resori fupi ni ngumu, inasukuma kwa nguvu, kwa hiyo kinachohitaji kushikwa ni kurudi. Nyingi zina kitufe juu ya fimbo. Hufungui kitu, unazungusha tu. Nyingine unaitoa kwenye gari, unaibana mpaka mwisho, ndipo unazungusha. Sili ikichoka baada ya miaka, Koni nyingi za zamani zinafunguliwa na kutengenezwa upya na mtu mwenye vifaa. Kwa gari la miaka ya 80 ambalo hujui lini spea zake zitakoma, hilo lina thamani kubwa.

Lakini namba yetu inabaki palepale. Si kila Koni ya njano ni fupi ikifungwa. Kwa baadhi ya magari Koni Sport ina mifereji kadhaa kwenye bomba ambapo kikombe cha resori kinaweza kukaa juu au chini, na watu wanadhani kushusha kikombe ni kufupisha amortisere. Hapana. Omba urefu wa kufungwa kwa aina ya gari lako kabla pesa haijatoka mfukoni.

Ya pili ni Bilstein B8. Haina kitufe, hairekebishwi, na anayetaka kurekebisha aiache. Nimeiweka hapa kwa sababu ndiyo yenye ukweli kuliko zote kuhusu urefu: B6 ni ya urefu wa kawaida, B8 imefupishwa kwa ajili ya resori fupi, na kampuni inachapisha urefu wa kufunguka na wa kufungwa. Bilstein ni ya Ennepetal, Ujerumani, na amortisere zake za bomba moja lenye gesi ziliingia kwenye Mercedes mwaka 1957. Kwa msomaji wangu wa Bel-Air na 190 yake, kama hana haja ya kitufe, B8 ingemaliza shida yake. Ni ngumu kidogo kwa mwendo wa polepole, mgongo utasikia njia ya Kasenga. Na usimruhusu mtu yeyote aikate au ailehemu: gesi iliyo ndani ina shinikizo kubwa, bomba linaweza kulipuka usoni mwa fundi.

Kama gari lako ni la aina ambayo hakuna anayelitengenezea amortisere tena, angalia Waingereza wa GAZ. Wao wanakubali oda: unawapa urefu wa kufunguka, urefu wa kufungwa na aina ya vifungio, wanakutengenezea. Kitufe chao kinabadilisha kubonyea na kurudi kwa pamoja, na hapo ndipo wananipoteza, maana ukiikaza ili gari lisiruke, inakaza pia dhidi ya kila shimo.

Seti za bomba lenye nyuzi, ambazo resori inapanda na kushuka kwa kuzungusha pete, zina aina mbili. Ile ambayo pete peke yake inasogea ina tatizo lilelile tulilolizungumza: unashusha gari, unakula mwendo. Ile ambayo kifungio cha chini nacho kinazunguka kwenye nyuzi zake inafupisha kweli, na ninaiheshimu. Ila vumbi letu jekundu linaingia kwenye nyuzi, mvua za Novemba zinalilowesha, na baada ya misimu michache pete haizunguki hata kwa nyundo. KW wanatengeneza seti za chuma kisichoshika kutu, hizo zinavumilia. Nyingine, paka grisi na uvalishe nyuzi kitambaa.

Amortisere za bei ndogo za urefu wa kawaida, mpya au za okazyo, yaani zilizokwisha tumika: kwa gari lililoshushwa, usinunue.

Bei sasa. Koni ya njano kwa magari haya, Ulaya kwenyewe, ni kama dola 150 hadi 250 kwa moja, kabla ya safari. Ongeza njia ya Durban au Dar es Salaam, Zambia nzima, mpaka wa Kasumbalesa, ushuru, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. Ninaelewa kwa nini hapa zinakuwa ghali. Nisichokielewa ni duka kuomba bei hiyo na kukataa kutoa namba moja. Ukiuliza urefu unajibiwa, "Mama, hii njo ileile." Ukitoa futi, anaona unamtukana. Ukitaka kufungua boksi, lazima ulipe kwanza, na likishafunguka halirudi. Lakini tazama anavyoipokea dola yako: anaigeuza, anaipeleka kwenye mwanga, anapitisha kidole pembeni, akikuta imechanika hata kama unywele anakurudishia na kusema haiingii. Pesa yangu inakaguliwa milimita kwa milimita, na amortisere inayobeba watoto wangu nisiiguse! Mteja ana haki ya kupima anachonunua. Mkikataliwa, ondokeni dukani, na mwambieni mwenye duka kwa heshima kwa nini mnaondoka.

Anayekubali, mwambie aandike kwenye fakture (ankara) urefu wa kufunguka na wa kufungwa kwa milimita, pamoja na namba ya kifaa iliyochapwa kwenye bomba, si ile ya kwenye boksi. Mabomba na maboksi yanabadilishana njiani. Halafu, kabla fundi hajafunga, zirekebishe zote mbili za mbele kwenye ulaini wa mwisho, endesha hivyo mpaka uzizoee, kisha kaza nusu mzunguko kwa wakati mmoja, kushoto na kulia sawa, na uache pale gari linapoacha kuruka baada ya dodane.