Zabibu za Soko la Majengo, Dodoma: kilo kwanza, nyongeza baadaye

Alama: 4 kati ya 5.

Mizani ikishatulia na hela ikishatoka, mteja hasogei. "Mama, nyongeza yangu?" Kishada kidogo kinaongezwa mfukoni. Kwa hilo peke yake, wauza zabibu wa Majengo wanastahili sifa.

Nyongeza inatokana na ongeza, nayo ongeza na ongea, ambayo kwenye kamusi za zamani ina maana pia ya kuzidi. Kwa hiyo nyongeza ni kile kinachofanya kitu kizidi. Bakshishi, neno lenye asili ya Kiajemi, ni zawadi ya mkononi. Kwa kawaida mteja ndiye anayempa mhudumu. Nyongeza inatoka kwa muuzaji. Huko New Orleans, Marekani, wanaiita lagniappe, kutoka Kihispania la ñapa, na mzizi wake ni Kikechua yapa: kuongeza. Wazo ni lilelile kabisa.

Lumbesa ni kitu kingine. Pale gunia la mkulima huwekewa kichwa cha wavu likazidi kilo 100 kwa bei ya gunia moja. Mkulima hajatoa kwa hiari, amenyang'anywa, na Sheria ya Vipimo inakataza.

Ndiyo maana kilo itangulie. Angalia mizani ikiwa tupu: isiposimama sawa, nyongeza utakayopewa ni mali yako mwenyewe. Ukiwa na shaka, weka chupa mbili za maji za nusu lita ambazo hazijafunguliwa. Zinapaswa kuzidi kilo moja kidogo tu, kwa sababu ya plastiki.

Kwenye zabibu zenyewe, tazama kikonyo. Cha kijani kinaonyesha zimekatwa karibuni; kikiwa cha kahawia na kukauka, zimekaa. Inua kishada ukitikise polepole: punje zikipukutika, kiache. Vumbi jeupe juu ya ganda ni nta ya zabibu yenyewe, si lazima iwe dawa, ila osha tu.

Alama moja inapotea kwenye aina ya nyongeza. Baadhi huchota punje zilizodondoka chini ya beseni. Hizo zimeshachanika pale zilipong'oka kwenye kikonyo, maji yake yanatoka na kuanza kuchacha, na kwenye joto la Dodoma mfuko mzima unafuata. Omba kishada, hata kama kina punje kumi tu. Ukipewa za kudondoka, ziweke mfuko wa peke yake uzile siku hiyohiyo.