Meza ya kazi kwa fundi wa kiti mwendo: miezi 7 na miguu ya umeme

Haya jamani, karibuni tena karakana. Leo sichongi kitu, leo tunaichambua hii meza mnayoiona hapa mbele. Kwa mgeni: mimi ni seremala, natumia kiti mwendo, na kuanzia kiunoni kwenda chini sina nguvu wala hisia. Hilo la hisia mlishike, tutalihitaji baadaye.

Mmeniuliza sana, meza ya fundi anayekaa iwe na kimo gani? Na mimi nimekuwa nawapa namba, kumbe nawapoteza. Fundi aliyesimama anapima meza kwa kiwiko, basi, kamaliza. Sisi tunaanzia kwenye goti, na goti na kiwiko havielewani hata kidogo.

Tazameni futi kamba. Nimekaa juu ya mto wangu wa kila siku. Usijipime bila mto, utajidanganya. Sakafuni mpaka juu ya paja, hapa karibu na goti: sentimita 67. Sakafuni mpaka chini ya kiwiko, mkono umekunjwa: 76. Toa. Zinabaki 9. Ndani ya hizo 9, paja linataka nafasi ya kupita, tuseme 3. Zilizobaki 6 ndizo za ubao wa juu pamoja na kila kinachoubeba. Sasa meza ya kawaida ya seremala ina ule ukanda wa mbao unaozunguka chini ya ubao, na wenyewe tu unaweza kuwa sentimita 10. Ndiyo maana ukichukua msumeno ukaikata miguu meza uliyonayo, unapata meza fupi ambayo bado huingii. Nimeshafanya, msirudie.

Kama unataka pa kuanzia, viwango vya ADA, ile sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, vya mwaka 2010 vinasema nafasi ya magoti isipungue sentimita 68.5 kwenda juu na 76 kwa upana, na uso wa meza uwe kati ya 71 na 86.5. Vinafaa, ila viliandikwa kwa ajili ya majengo ya watu wote, na wewe unajenga ya mtu mmoja. Pima mapaja yako.

Sasa bidhaa yenyewe. Hii ni fremu ya chuma, miguu miwili, kila mguu na mota yake, inauzwa bila ubao. Ni zile zile za meza za ofisini za kupanda na kushuka. Kampuni siitaji, maana ukivua rangi hizi fremu nyingi ni ndugu wa baba mmoja. Yangu inashuka mpaka sentimita 62 na kupanda mpaka 127. Ubao wa juu nimeutengeneza mwenyewe: plaiwudi mbili za milimita 18, nimezipaka gundi na kuzibana usiku kucha, jumla milimita 36. Kina chake ni sentimita 60 tu. Ukiwa umekaa huwezi kuegemea mbele kama aliyesimama, kwa hiyo chombo kilichokaa mbali zaidi ya hapo kinakuwa pambo.

Uzuri wake nausema haraka: inapanda taratibu, haina kelele ya kuudhi, na ndugu yangu akija kunisaidia naipandisha, anafanya kazi wima bila kulalamikia mgongo. Hilo sikulipangia, ila limekuwa baraka.

Ubaya wake ndio uliofanya nirekodi hii video. Kamera, njoo chini huku. Mnaiona hii boriti inayounganisha miguu miwili? Ncha yake ilikatwa kiwandani na haikupigwa tupa. Siku moja naona uzi wa suruali umenasa hapa, nikajiuliza uzi umetoka wapi. Kuvua suruali jioni, nakuta mchubuko kwenye paja, urefu wa kidole, damu imeshakauka. Nilikuwa najikwaruza tangu asubuhi bila habari. Mwenye hisia angeshtuka mara ya kwanza tu akaondoa mguu. Nimeipiga tupa, nikaivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Sasa kila ninachokifunga chini ya meza, kabla sijaingiza magoti, nakipitishia kiganja chote. Kiganja kinahisi kwa niaba ya paja.

Na swichi. Maelekezo yanakwambia uifunge mbele, chini ya ukingo. Nikatii. Sasa nageuza kiti nitoke, kishikio cha mkono kikabonyeza kitufe cha kushuka, meza ikanilalia mapajani. Muuzaji alinihakikishia inajizuia ikigusa kitu. Ni kweli inajizuia, lakini ya kwangu inatambua pale mota inapolemewa. Ikikuta kiti cha mbao inasimama mara moja, ikikuta nyama inaendelea kukandamiza kwanza, maana nyama inabonyea. Swichi nimeihamishia ubavuni kulia, na nikishapata kimo ninachotaka nauzima umeme wa fremu kabisa. Kisanduku cha umeme nacho kilitakiwa kukaa katikati, pale pale pa magoti, nimekirudisha nyuma. Jiliwa, wengine mnaiita vaisi, iko kule mwisho kushoto, nje ya mguu wa meza. Ukiifunga mbele yako, lile skrubu lake refu linapita chini ya ubao na kukutana na goti lako.

Tuje kwenye kazi. Kupiga msasa, kuunganisha, kupaka gundi, kuchora vipimo: hapa sina neno. Naiweka sentimita 74, naingiza magoti mpaka tumbo linagusa ukingo.

Kupiga randa ndiko kwenye mtihani. Randa unaisukuma, na kile unachokisukuma kinakusukuma na wewe. Aliyesimama ana mguu wa nyuma wa kujizuia. Sisi kiti kinarudi nyuma. Breki? Breki zinashika gurudumu, lakini gurudumu limekalia unga wa mbao, linateleza kama sabuni. Nilihangaika wiki mbili nikidhani tatizo ni mikono yangu. Dawa yake ni kutoingiza magoti kabisa. Naegesha kiti ubavu kwa ubavu na meza, nafagia chini ya magurudumu, nashusha meza mpaka 62, na randa inapita pembeni yangu, si mbele yangu. Magoti yakishatoka chini, ile hesabu ya sentimita 9 haipo tena, unaweza kuishusha hata chini ya paja. Kwa hili peke yake miguu ya umeme imejilipa. Na ikiwa chini kabisa, mabomba ya miguu yameingiana kwa urefu mkubwa, hivyo haitikisiki. Ipandishe mpaka 110 uone inavyocheza ngoma.

Msumeno nao nimebadilisha, natumia ule wa Kijapani unaokata ukiuvuta. Kila ukivuta, kiti kinasogea kwenye meza badala ya kukimbia.

Kitu ambacho sikifanyi hapa ni kuchimba matundu ya ndimi, yale ya kuungia mbao, kwa patasi na nyundo. Kila pigo linashuka kwenye gia za mota, na hizo zilitengenezwa kubeba kompyuta. Kazi hiyo naifanyia kule ukutani, kwenye ubao niliouchomekea mabano ya pembetatu ya chuma. Hauna miguu kabisa, hivyo magoti yanaingia popote, na ukuta ndio unaopokea kipigo. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu na kazi yako ni milango na viti, jenga wa ukutani kwanza. Kama ni vinyago, masanduku, vitu vya msasa na gundi, chukua fremu.

Mimi ningeinunua tena? Ndiyo, na tupa mkononi.

Haya, nawasha umeme. Msikilize mota... sitini na nane... sitini na nne... hapo. Nazima. Nageuza kiti ubavu, nafagia chini ya gurudumu hili, na hili. Breki. Sasa mtazameni gurudumu la nyuma wakati nasukuma randa, msiangalie mkono.