Ohio na Florida: asilimia 57 zilizoleta matokeo mawili

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta haki ya kutoa mimba katika ngazi ya taifa, Juni 2022, suala hilo limerudi majimboni. Kwingine wananchi hukusanya sahihi na kulipeleka wenyewe kwenye kura ya maoni. Ndivyo ilivyokuwa Ohio na Florida. Wapiga kura walijibu karibu sawa. Masharti ndiyo yaliyotofautiana.

Ohio katiba hubadilishwa kwa wingi wa kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura. Agosti 2023 wabunge walitaka kiwango kipande hadi asilimia 60, tena sahihi zitoke kaunti zote 88 badala ya 44. Wananchi wakakataa. Novemba, haki ya kutoa mimba ikapita kwa takriban asilimia 57.

Florida hudai asilimia 60. Novemba 2024 walioafiki walifika asilimia 57, wakiizidi Ohio kidogo, na bado wakashindwa. Marufuku ya baada ya wiki sita, muda ambao wanawake wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito, ikabaki pale pale. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kiwango hicho cha 60 kilipitishwa na wapiga kura mwaka 2006 kwa takriban asilimia 58. Chenyewe kisingefikia kipimo chake.

Mimi nachagua njia ya Ohio. Katiba isiguswe ovyo, nakubali. Lakini Florida mwanamke anaweza kupiga kura upande wa walio wengi, kisha akalazimika kusafiri hadi jimbo jingine kutafuta huduma.