Filta ya wazi kwenye Hilux ya petroli: mlio mzuri, gia boksi taabani

Seti za filta ya wazi, yaani filta ya hewa isiyokaa ndani ya boksi, zimejaa kwenye maduka ya spea, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi: koni ya pamba iliyolowekwa oili, bomba la aluminiamu linalong'aa, hozi mbili za silikoni na klipu zake za kukaza. Muuzaji atakwambia gari litavuta zaidi na litakunywa mafuta kidogo. Kwa Hilux ya petroli, ile ya lita 2.7 yenye injini 2TR-FE na gia otomatiki, tathmini yetu ni moja: usiifunge. Kwenye lami tupu unaweza kuishi nayo. Kwenye vumbi itamaliza ringi za pistoni, na bomba lake lisipolingana na la kiwandani, gia boksi nayo itaumia.

Tuanze na hilo la gia boksi, maana wauzaji hawaligusi kabisa. Sensa ya hewa, yaani MAF, inakaa kwenye njia ya hewa mara tu baada ya filta. Ndani yake kuna waya mwembamba uliopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya gari inapima umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake. Sensa hiyo haipimi hewa yote. Inapima ile inayopita mbele yake tu, halafu kompyuta inakadiria iliyobaki kwa kipenyo cha bomba alichokijua mtengenezaji. Chukua mfano wa bomba la milimita 70 kubadilishwa na la milimita 76. Nafasi ya ndani imeongezeka kwa takriban asilimia 18, kwa hiyo hewa ileile inapita polepole na sensa inasoma pungufu kwa kama asilimia 15.

Injini yenyewe inaweza kuficha tatizo kwa muda mrefu. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona mchanganyiko una petroli kidogo, kompyuta inaongeza, na taa ya chek injini haiwaki mpaka nyongeza hiyo ipite kikomo. Ikiwaka, mara nyingi namba ya hitilafu inayosomwa kwa skana ni P0171 (petroli kidogo kwenye mchanganyiko) au P0101 (usomaji wa MAF). Lakini hesabu ya mzigo wa injini imebaki na kosa, na hesabu hiyo, pamoja na kiasi cha kukanyaga pedeli, ndiyo inayosaidia kupanga presha ya oili inayobana klachi za gia boksi. Kompyuta ikidhani injini ina nguvu ndogo kuliko iliyo nayo, inabana kidogo, na klachi zinateleza kwenye kila badiliko la gia. Panda mlima na mzigo uangalie mshale wa rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika: kutoka gia ya pili kwenda ya tatu unaruka juu kabla gari halijavuta. Kisha, kama gia boksi yako ina dipstiki, ichomoe, uipanguse kwenye kitambaa cheupe. Oili iliyokuwa nyekundu ikitoka kahawia na inanuka kuungua, klachi zimeshaanza kulika. Mafundi wengi hapo hukimbilia kushusha gia boksi bila hata kufungua boneti kuangalia bomba la hewa.

Upande wa vumbi, 2TR-FE kwenye rpm 3,000 ukikanyaga hadi chini inavuta karibu lita 4,000 za hewa kwa dakika. Pamba hupitisha vumbi laini jingi kuliko karatasi nzuri ya kiwandani, na mwenye gari akiiosha kisha akaimiminia oili kupita kiasi, oili hiyo husafiri hadi kwenye waya wa MAF na kuugandishia uchafu. Kama hutuamini, paka grasi safi kidogo ndani ya bomba baada ya filta, tembea kilomita 500 za njia ya vumbi, kisha isugue kati ya vidole viwili. Ukihisi chembechembe, hizo ndizo zinazokwangua kuta za silinda.

Na nguvu iliyoahidiwa? Koni isiyo na boksi inavuta hewa ya moto chini ya boneti. Hewa ya nyuzi 60 badala ya 30 ina uzito pungufu kwa asilimia 9, na nguvu nayo inashuka. Mlio ni wa kweli, hilo hatukatai, ila unatokana na kuondolewa boksi lililokuwa likiuzuia.

Anayetaka kuboresha njia ya hewa, sisi tunampendekezea snokeli, yaani bomba la kuvuta hewa linalopanda nje ya gari hadi karibu na paa, inayoingia kwenye boksi la kiwandani, na filta ya karatasi ibaki ileile. Bomba la MAF haliguswi, na mdomo uko juu, mbali na vumbi la matairi. Ubaya wa snokeli za bei rahisi uko kwenye maungio: fundi anapitisha bomba kwenye fenda bila kuziba kwa silikoni, na ukivuka mto maji yanaingia humo. Kuijaribu ni rahisi. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa pedeli, ziba mdomo wa snokeli kwa plastiki nene. Isipozimika ndani ya sekunde chache, kuna mahali panavuta hewa pembeni, rudi kwa fundi.

Kama filta ya wazi imeshafungwa, rudisha boksi na bomba la kwanza. Safisha MAF kwa dawa yake maalumu, si ya kabureta, uiache ikauke kabisa. Chomoa nguzo hasi ya betri kwa dakika 10 ili kompyuta isahau ilichojifunza. Injini ikishapata moto na AC imezimwa, skana ya kawaida ionyeshe MAF kati ya gramu 2 na 4 kwa sekunde kwenye sailensa, na marekebisho ya petroli yasizidi asilimia 10 juu wala chini. Mwisho badilisha oili ya gia boksi kwa kumwaga na kujaza, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kumwaga mara moja hakutoi oili yote, kwa hiyo rudia baada ya kilomita 1,000.