Vali ya vibawa viwili: niliyoyaona mimi niliyewekewa

Vali yangu ya maitrali, yaani mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo, niliwekewa Dar es Salaam. Ni ile ya vibawa viwili vya kaboni, aina iliyoanza kuwekewa watu mwaka 1977 huko Minnesota, Marekani. Kwa uimara sina neno. Ngazi za nyumba ya dada yangu Wete zilikuwa zikinimaliza pumzi. Sasa napanda na ndoo ya maji mkononi.

Lakini usiikubali kabla hujaelewa damu inavyopita humo, maana masharti yote yanatoka hapo. Vali ya kuzaliwa hufunguka ikaacha njia moja pana. Hii huigawa damu njia tatu: mbili kubwa pembeni na moja nyembamba katikati. Daktari wa eko, kipimo cha picha za moyo, alinionesha kwenye skrini rangi zikivurugana, nami mtoto wa Pemba nikafahamu: ndiyo maji ya mlango wa mwamba wakati wa bamvua, yanakaza mwendo katikati huku pembeni yakizunguka. Msukosuko huo huzikwaruza chembe nyekundu, nyengine zikapasuka, na chembe sahani zikaanza kugandisha damu ilhali hakuna jeraha. Kwenye bawaba za vibawa damu hupenda kutuama. Waliobuni wameacha upenyo kwa makusudi: vali ikifunga, damu kidogo hurudi nyuma ikaziosha bawaba. Naiheshimu sana akili hiyo. Haitoshi, lakini, ndiyo maana warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ni ya kila siku, maisha yote.

Huduma ya vipimo ndiyo inayoangusha. INR ni kipimo cha damu inavyochelewa kuganda; kwa vali kama yangu hutakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Kuna maabara iliyokuwa ikinirudisha nyumbani kwa kukosa vitendanishi, mpaka nikavuka bahari kwa ajili ya tone la damu, na majibu yakaja chini ya 2, yaani damu yaganda upesi mno. Kiharusi kingeweza kunikuta ndani ya boti. Ulizia kipimo kabla ya kuulizia upasuaji.

Mlio wake, tik tik, tumeuzoea nyumbani. Kisamvu na mchicha, ingawa hupunguza nguvu ya warfarini, sikuviacha. Nala kiasi kile kile kila wiki ili INR isiyumbe.

Mimi nilikuwa nimeshazaa. Mwanamke anayetaka watoto azungumze na daktari wake mapema, kwa sababu warfarini hudhuru mimba. Angekuwa mdogo wangu, ningemwambia achukue vali ya tishu ya ng'ombe, isiyodai warfarini maisha yote, ajue kwamba baada ya miaka 10 au 15 huenda akapasuliwa tena.