Uzoefu wangu wa kuachia seva kazi ya kuweka saini za barua pepe

Ofisi yetu ina wafanyakazi wapatao sitini, na hadi mwaka jana barua pepe zao zilitoka kana kwamba kila mmoja ana taasisi yake: mhasibu alibaki na nembo ya zamani, afisa ugavi alipenda maandishi ya zambarau, na mkurugenzi, ambaye hujibu barua nyingi akiwa safarini, alimalizia na ile taarifa ya kwamba ametumia iPhone. Nilianza kwa njia ya wengi, yaani kuandaa kiolezo kimoja cha saini (jina, cheo, simu na nembo vinavyokaa chini ya barua) kwa HTML, lugha ya kupangilia kurasa za mtandaoni, na kupita dawati kwa dawati nikikiweka kwenye Outlook, Gmail na Thunderbird. Kila programu ilikisoma kivyake. Outlook ya kawaida ya Windows, tangu toleo la 2007, huchora barua kwa kutumia Word, kwa hiyo ilinibidi kujenga saini upya kwa jedwali na kutaja upana wa nembo kwa pikseli, na baada ya hapo bado kulikuwa na simu, ambazo kila moja ina sehemu yake ya saini.

Mwishowe nilihamia kwenye kanuni za upitishaji wa barua za Exchange Online, huduma ya barua pepe ya Microsoft, zilizokuwa tayari ndani ya kifurushi cha Microsoft 365 tunacholipia. Katika mfumo huu saini haikai kwa mtumaji, bali seva, yaani kompyuta inayopitisha barua zetu, huiongeza barua inapopita, ikichota jina, cheo na namba ya simu kutoka kwenye orodha ya watumiaji kwa alama kama %%DisplayName%% na %%Title%%, hata kama barua imeandikwa kwenye simu ndani ya daladala.

Siku ya kwanza karibu nusu ya barua zilitoka bila cheo, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Nilipomfuata dada wa utumishi alicheka, akaniambia, “Kaka, hiyo orodha hakuna aliyeigusa tangu tulipofunguliwa barua pepe.” Tulikaa naye wiki nzima tukisahihisha vyeo vilivyoandikwa kwa namna tatu tofauti, namba zilizoanza na sifuri na nyingine na +255, pamoja na watu wawili waliokwisha kustaafu. Kwa kweli hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Kuandika kanuni kulinichukua mchana mmoja.

Anayetaka kufuata njia hii ajue mipaka yake. Maandishi yote ya saini, pamoja na tagi za HTML (alama za kupangilia), hayaruhusiwi kuzidi herufi 5,000. Picha huwekwa kwa kiungo cha mtandaoni, na kwa kuwa programu nyingi huzuia picha mpaka mpokeaji aruhusu, jina la taasisi tumeliandika pia kwa maneno. Mtumaji haoni saini kwenye nakala ya barua aliyoituma, jambo lililomfanya afisa ugavi anipigie simu mara mbili akidhani imemponyoka.

Kero kubwa kwangu ni kwamba saini huenda mwisho kabisa wa mazungumzo, chini ya barua zote za nyuma, badala ya kukaa chini ya jibu jipya. Niliongeza sharti kwamba barua ambayo tayari ina maneno fulani ya saini yetu isiongezewe nyingine, hivyo barua ya kwanza hutoka na saini kamili na majibu hutoka bila saini, na mwandishi huweka jina lake kwa mkono. Huduma za kulipia kama Exclaimer na CodeTwo huweza kuiweka chini ya jibu lenyewe, lakini hutozwa kwa idadi ya watumiaji, na kwa bajeti yetu sikuona sababu ya kumwomba mhasibu fedha hizo. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya hayo majibu.