Sequoia kwenye MacBook Pro ya 2012: miezi saba na OpenCore Legacy Patcher hapa Amu

Bado naitumia OpenCore Legacy Patcher, programu iliyoiwezesha Mac yangu kuukuu kuendesha Sequoia, toleo la 2024 la mfumo wa Apple. Haya nayaandika kwa mashine hiyo hiyo, barazani kwa ami yangu Langoni, huku punda wa saruji wakinisukuma magoti kila wanapopita. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya usiku mmoja wa Ijumaa, ingawa nikiwa mkweli usiku ule kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la programu.

Kazi yangu ni kadi za harusi, mabango ya Maulidi na vibao vya nyumba za wageni. Laptopu ni MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya 2012, ya mitumba, niliyoinunua Mombasa kwa shilingi 23,000. Wengi huicheka kwa uzito wake na lile tundu la DVD lisilotiwa DVD tena. Mimi naipenda kwa sababu hufunguka. Ukitoa skrubu 10 za chini, RAM na diski ziko mbele yako. Nimeitia RAM ya GB 16 na SSD, na ina tundu la kebo ya mtandao, ambalo baadaye liliniokoa. Tatizo ni kwamba mfumo wake rasmi uliishia toleo la Catalina la 2019. Kivinjari kikaanza kunionya, kisha programu ya kuchorea ikakataa kabisa kufunguka. Bei ya Mac mpya nilipoiuliza, nilishukuru nikatoka dukani.

OpenCore Legacy Patcher ni programu ya bure, yenye msimbo wazi, ya kikundi kiitwacho Dortania. Kazi yake ina sehemu mbili, na asiyezitenganisha kichwani atateseka kama nilivyoteseka. Kwanza, OpenCore husimama mlangoni wakati mashine inawaka, ili mfumo mpya ukubali kuingia kwenye mashine ambayo ungeikataa. Pili, mfumo ukishakaa, programu huurudishia madreva yaliyoondolewa, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa vya mashine; kuyarudisha huko ndiko kunakoitwa kutia viraka. Grafiki ya mashine yangu ni Intel HD 4000, na Apple iliondoa madreva yake kuanzia toleo la Monterey la 2021. Kwa hiyo Sequoia inaweza kuwaka vizuri sana kwenye mashine hii na bado isijue namna ya kuchora dirisha.

Kisakinishi cha Sequoia kilikuwa GB 15 hivi. Sikuthubutu kukishusha kwa bando la simu, nikalala ofisini kwa ami kwenye intaneti yake. Nikakiweka kwenye flashi ya GB 32, nikawasha huku nimeshikilia kitufe cha Option, zikatokea picha kadhaa za diski. Nikachagua ile ya kisakinishi, maana ndiyo niliyokuja kuitafuta. Skrini ikaleta duara lenye mstari katikati, alama ya kukatazwa.

Kumbe unaanza kwa kuchagua ile iliyoandikwa EFI Boot, yenye nembo ya OpenCore. Hiyo inakupeleka kwenye orodha nyingine, na kisakinishi unakichagua huko. Nikafanya hivyo, kazi ikaenda, mfumo ukakaa. Kwa furaha nikachomoa flashi, nikazima, nikawasha. Duara lile lile.

Safari hii sababu ilikuwa nyingine. OpenCore ilikuwa kwenye flashi peke yake, sikuwa nimeisakinisha kwenye diski ya ndani. Nikairudisha flashi, nikawashia kwayo, nikafungua programu na kuiweka OpenCore ndani. Tangu hapo nikiona duara lile siangalii kitu kingine kwanza: najua mfumo umewaka bila OpenCore kutangulia.

Sasa grafiki. Mara ya kwanza kuufikia ukurasa wa kazi nilidhani nimeua mashine. Kishale kinachelewa, ukivuta dirisha linakuja vipande vipande, ule upau wa chini umekuwa kijivu kizito badala ya kioo. Shangazi alikuwa ameniletea uji, akasimama nyuma yangu akatazama.

"Mbona yasota kama mzee wa miaka mia?"

"Bado haijatiwa viraka, shangazi."

"Basi itie, mwanangu. Yaumiza mato."

Nilipoangalia taarifa za mashine, grafiki ilisomeka MB 7. Inatakiwa isome 1536, kwa sababu HD 4000 haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa kwenye RAM. Tarakimu hiyo ndiyo kipimo changu mpaka leo. Mtu akinipigia simu kwamba Mac yake kuukuu imekuwa nzito baada ya kuiwekea mfumo mpya, namwambia anisomee tarakimu hiyo kwanza kabla hajanieleza lolote. Ikiwa ndogo namna ile, mashine haijaharibika. Inachora kila kitu kwa prosesa, bila msaada wa grafiki, kwa sababu viraka havijatiwa au vimeondoka.

Kutia viraka ni kubonyeza kitufe kimoja ndani ya programu, kutia neno la siri na kuwasha upya. Lakini kwa Sequoia na grafiki ya aina hii programu hutaka kwanza kushusha faili za ziada kutoka intaneti, na waifai nayo ilikuwa imepotea, kwa kuwa madreva yake yaliondolewa tangu Sonoma, toleo la kabla ya Sequoia, na yanarudishwa na viraka vivyo hivyo. Hapo ndipo nilipolibusu tundu la kebo. Nikachomeka kwenye ruta ya ami, dakika chache baadaye upau ukawa kioo tena, na 1536 ikasomeka. Mwenye MacBook Air, isiyo na tundu hilo, atafute mapema adapta ya kebo.

Miezi miwili ikapita kwa raha. Kisha Ijumaa moja baada ya isha, nikiwa na kadi 200 za kuchapishwa asubuhi, likaja tangazo la sasisho. Nikalikubali. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Viraka hukaa ndani ya sehemu ya mfumo, na sasisho huiandika upya sehemu hiyo. Pia, kwa kuwa muhuri wa mfumo, ule unaothibitisha kwamba haujaguswa, umeshavunjwa na viraka, sasisho halishuki kipande, linashuka zima. Mashine ikamaliza, ikawaka, ikarudi kusota, waifai imepotea. Mpaka hapo ilikuwa shida ya robo saa: kebo, kitufe kimoja, basi. Lakini niliingiwa na hofu, nikafanya lile jambo ambalo watu hushauri kwa kila ugonjwa wa Mac: nikafuta NVRAM kwa Option, Command, P na R. NVRAM ni kumbukumbu ndogo inayohifadhi mipangilio hata mashine ikizimwa, na ndiyo iliyokuwa inakumbuka kwamba mashine iwake kupitia OpenCore. Ilipofutika, duara likarudi. Sasa nina matatizo mawili mahali pa moja, na la pili nimelitengeneza kwa vidole vyangu.

Flashi ya zamani ilikuwa kwenye droo, chini ya risiti. Nikashika Option, nikaifikia EFI Boot, na safari hii nikashikilia Control wakati wa kuichagua, ili mashine iikumbuke. Saa saba usiku viraka vilikuwa vimerudi. Kadi zilichapishwa. Mama wa bwana harusi alilalamikia rangi ya waridi tu, na hiyo si habari ya OpenCore.

Siku hizi masasisho ya kujiendesha yenyewe nimeyazima yote. Nasasisha programu ya viraka kwanza, kisha mfumo, na si siku yenye kazi. Hasa lile toleo kubwa linalofuata, Tahoe ya 2025, siliruhusu lijishushe lenyewe. Ndilo la mwisho linalokubali Mac zenye prosesa ya Intel, na sina haraka nalo.

Tatizo la tatu lilinifunza kuacha kuisingizia programu. Wakati wa kusi, hewa imejaa chumvi na kila chuma kinatoka kutu, mashine ikaanza kuganda katikati ya kazi. Siku nyingine ikiwaka inaonyesha folda yenye alama ya kuuliza. Fundi mmoja kwa simu aliniambia niondoe huo mfumo wa kuibia, na kama haitapona basi ni bodi kuu. Nusura nimsikilize.

Folda yenye alama ya kuuliza si duara lenye mstari. Folda ina maana mashine haioni diski yoyote ya kuwashia. OpenCore haijafikiwa hata kuulizwa. Nikaitoa SSD, nikaitia kwenye kasha la nje la USB, nikawashia kutoka hapo. Ikaenda siku nzima bila kuganda. Basi SSD ni nzima na mfumo ni mzima, kilichobaki ni ile kebo nyembamba bapa inayounganisha diski na bodi. Kwenye mashine hizi hupita juu ya alumini, na kwa miaka inasuguliwa mpaka inachoka. Nikaagiza nyingine Nairobi kwa shilingi 2,500. Ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti pamoja na kreti za soda. Kabla ya kuifunga nilibandika utepe wa umeme kwenye alumini chini yake. Haijaganda tena.

Yapo ambayo viraka havitibu. Video za simu mpya zilizorekodiwa kwa HEVC, namna mpya ya kubana video, hasa za 4K, zinakatakata, kwa sababu HD 4000 haina sehemu ya kuzisoma na dreva haiwezi kuiumba. Mteja akiniletea za namna hiyo nazigeuza kwanza kuwa H.264, namna ya zamani, nikaenda kunywa kahawa Mkomani. Uangavu wa madirisha nimeuzima kwenye mipangilio, mashine imekuwa nyepesi zaidi. Pia ili viraka vikae, ulinzi wa mfumo unapunguzwa. Kwa kuchora kadi sijali, ila mambo ya benki nayafanya kwenye simu.

Kama unataka mashine ya kuwasha na kusahau, kaa na Catalina au kusanya pesa za mpya. Kama ni ya kazi yenye tarehe za watu, nunua flashi ya pili kabla ya kuanza. Yangu ya OpenCore nimeifunga uzi mwekundu, inakaa kwenye mkoba wa laptopu na haitiwi faili nyingine yoyote. Binamu yangu aliiomba juzi apelekee nyimbo Shela. Nikampa pesa akanunue yake.